Keki za Chai ya Pu'er: Jinsi ya Kununua Nzuri ya Kukomaza Nyumbani Bila Kupigwa

Somo la leo ni la chai, ila sio ile tunayoipeleka kiwandani kila siku ya mchumo. Ni chai ya China inayoitwa pu'er, ile inayogandamizwa ikawa duara bapa kama chapati nene, inafungwa kwenye karatasi, halafu watu wanaiweka ndani miaka kumi, ishirini, wengine zaidi.

Nimeamua kuandika kwa sababu vijana wa vikundi vya chai wamenitumia swali moja kwa maneno tofauti tofauti: "Afisa, hizi keki za chai za Wachina ni kweli zinapanda bei zikikaa? Nikinunua saba nikaziweka ndani miaka kumi, natoka?" Mwingine tayari alikuwa ametenga hela ya mbolea akitaka kuagiza. Nikaona bora nijibu mara moja kwa wote, taratibu, kama tunavyofanya kwenye shamba darasa.

Jibu fupi ni hili: muda haugeuzi jani baya kuwa zuri. Muda unakuza kile kilichokuwemo tangu siku jani lilipochumwa. Kwa hiyo anayenunua keki ya kukomaza hanunui umri wala hanunui karatasi. Ananunua jani, usindikaji wake na mahali lilipotunzwa. Ukilishika hilo, mengine yote ninayoandika hapa chini ni maelezo tu.

Pu'er ni nini hasa

Pu'er inatoka jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China, jirani na Myanmar, Laos na Vietnam. Maeneo makubwa ni matatu: Xishuangbanna, Lincang, na mji wa Pu'er wenyewe, ambao uliitwa Simao mpaka mwaka 2007. Tangu mwaka 2008 China ina kiwango cha kitaifa kinacholinda jina hili. Ili chai iitwe pu'er lazima itokane na mti wa chai wa majani mapana wa Yunnan, ikaushwe kwa jua, na itengenezwe ndani ya eneo lililotajwa. Kwa hiyo chai ya Rungwe, Mufindi au Kericho hata ukiigandamiza vizuri namna gani, haiwi pu'er. Ni kama mvinyo wa mahali fulani, jina ni mali ya mahali.

Ila kuna undugu. Mti wenyewe ni wa kundi la assamica, lile lile la majani mapana ambalo sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki imetoka. Mti unaoufahamu. Kinachotofautiana ni kile anachofanyiwa jani baada ya kuchumwa.

Kwa kifupi hatua ni hizi:

1. Jani linachumwa, linanyaushwa kwa saa chache.
2. Linakaangwa kwenye karai kubwa, kwa mkono au kwa mashine, ili lisigeuke kuwa jekundu.
3. Linaviringwa, kisha linaanikwa juani mpaka likauke.
4. Likishakauka linapimwa, linapigwa mvuke kidogo lilainike, linawekwa kwenye mfuko wa kitambaa na kugandamizwa chini ya jiwe au mashine.
5. Keki inapoa, inakauka polepole, inafungwa karatasi.

Keki ya kawaida ina gramu 357. Keki saba zinafungwa pamoja kwa ganda la mianzi, jumla kilo mbili na nusu hivi. Mafungu 12 ya namna hiyo yanajaza kasha moja: keki 84, karibu kilo 30. Zipo pia keki za gramu 200, za gramu 100, matofali, na zenye umbo la kiota.

Kuna aina mbili, usizichanganye

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo soma mara mbili.

Aina ya kwanza ni mbichi, Wachina wanaiita sheng. Hii ni ile niliyoeleza hapo juu. Ikiwa changa maji yake ni ya manjano, ladha ni kali na chungu kidogo. Inabadilika yenyewe miaka kwa miaka: maji yanaelekea rangi ya chungwa, baadaye wekundu wa kahawia, na ukali unapoa.

Aina ya pili ni iliyoivishwa, inaitwa shou. Njia yake ilitengenezwa miaka ya 1970, na mwaka unaotajwa sana ni 1973. Viwanda vilitaka ladha ya chai iliyokaa bila kusubiri miaka mingi. Wanarundika majani makavu lundo kubwa, wanayamwagia maji, wanayafunika, na wanayageuza kila baada ya siku kadhaa kwa wiki sita au zaidi. Wewe ambaye umewahi kutengeneza mboji unaelewa kabisa: joto linapanda, vijidudu vinafanya kazi, jani linakuwa jeusi. Maji yake ni meusi kama kahawa, laini, yenye harufu ya udongo na mti.

Kwa anayetaka kukomaza nyumbani, ya kununua ni mbichi. Iliyoivishwa inafaa kunywewa sasa. Ikikaa miaka miwili mitatu harufu ya lundo inaondoka na inakuwa safi zaidi, lakini safari yake ndefu imeshafanyika kiwandani. Usikubali mtu akuuzie iliyoivishwa kwa bei ya mbichi ya zamani kwa sababu tu zote zina rangi nyeusi. Huo ni utapeli wa zamani sana.

Kwa nini hii inakomaa na chai yetu haikomai

Chai nyeusi ya viwanda vyetu inakatwakatwa, inaachwa ibadilike mpaka iwe na rangi ya shaba, kisha inapitishwa kwenye kikaushio cha hewa ya moto. Kazi imeisha hapo. Ukiitunza miaka kumi utapata chai iliyochuja, basi.

Pu'er mbichi inakaangwa kwa joto la wastani na inakaushwa kwa jua. Jani halifi kabisa. Baadhi ya vimeng'enya vinabaki, na vijidudu vya kwenye mazingira vinabaki. Kukiwa na unyevu kidogo na joto la kiasi, mabadiliko yanaendelea polepole ndani ya keki. Ndiyo maana joto la kukaangia na njia ya kukaushia ni muhimu kuliko mchoro wa kwenye karatasi.

Na hapa kuna mtego. Baadhi ya watengenezaji wanakaanga kwa joto kubwa mno, au wanakausha kwa mashine ya moto badala ya jua. Chai hiyo ukiionja leo inavutia sana: inanukia, haina uchungu, inafanana na chai ya kijani. Ila haina safari mbele. Baada ya miaka mitano imepoa, imebaki bapa. Dalili zake ni harufu ya maharage au karanga za kukaanga, rangi ya kijani inayong'aa kupita kiasi, na ladha inayoisha haraka mdomoni. Dalili sio hukumu, lakini ukiziona zote tatu pamoja, chai hiyo nunua ya kunywa sio ya kuweka.

Kusoma karatasi bila kudanganywa na karatasi

Keki ina karatasi ya nje. Ndani ya jani lenyewe kunakuwa na kitikiti kidogo kilichogandamizwa pamoja na chai, na mara nyingi karatasi nyingine ya maelezo iko huru. Keki za siku hizi zina tarehe ya kutengenezwa, jina la kiwanda na uzito. Za zamani nyingi hazina tarehe. Enzi ambapo biashara ilikuwa chini ya serikali, viwanda tofauti vilitumia karatasi zinazofanana. Kwa hiyo karatasi ya zamani peke yake haithibitishi kitu.

Halafu kuna namba. Utaona keki imeandikwa 7542. Kuna muuzaji atakwambia hiyo ni ya mwaka 1975. Hapana! Namba mbili za kwanza ni mwaka ambao mchanganyiko huo ulibuniwa. Namba ya tatu ni wastani wa daraja la jani: ndogo ni jani dogo, kubwa ni jani kubwa. Namba ya mwisho ni kiwanda: 1 ni Kunming, 2 ni Menghai, 3 ni Xiaguan. Kwa hiyo 7542 ni mchanganyiko wa mwaka 1975, daraja la 4, wa kiwanda cha Menghai, na unaweza kuwa umegandamizwa juzi tu. Vivyo hivyo 8582 ni mchanganyiko wa mwaka 1985, daraja la 8, kiwanda hicho hicho. Fikiria mbegu ya mahindi: mwaka aina ilipotolewa na utafiti sio mwaka pakiti yako ilipofungwa.

Tena ujue, jani dogo sio lazima liwe bora kuliko kubwa. Machipukizi mengi juu ya keki yanapendeza machoni, lakini wengine wanayapanga juu tu, ndani wameweka mabaki. Keki nzuri ukiivunja, ndani inafanana na nje.

Majina ya vijiji na miti ya kale

Kama kahawa, pu'er nayo ina majina ya mahali yanayopandisha bei. Lao Banzhang, kwenye milima ya Bulang wilayani Menghai, inasifika kwa nguvu na uchungu unaogeuka utamu. Yiwu, upande wa mashariki wa Xishuangbanna, inasifika kwa ulaini. Bingdao ya Lincang inasifika kwa utamu. Misitu ya chai ya kale ya mlima Jingmai iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023.

Sasa piga akili ya mkulima. Kijiji kimoja kina miti mingapi? Kinachuma kilo ngapi? Keki zinazouzwa duniani kwa jina la Lao Banzhang ni nyingi kuliko kijiji kile kinavyoweza kuvuna. Ukiona keki yenye jina hilo inauzwa bei ya soda, jiulize nani amekupa zawadi hiyo na kwa nini.

Hivyo hivyo kwa maneno "miti ya miaka mia tano". Hakuna mtu anayeangalia jani kavu akakwambia mti ulikuwa na miaka mingapi. Unachoweza kupima ni kikombe. Usilipie hadithi ambayo kikombe hakiithibitishi.

Kitu kingine ambacho wewe mkulima utakielewa kuliko mnunuzi wa mjini ni msimu. Mchumo wa masika yao, mwezi wa tatu mpaka wa tano, ndio unaosifiwa zaidi. Mti umepumzika baridi nzima, jani limejaa. Mvua za kiangazi chao zinaleta jani jingi lenye ladha nyepesi, kama unavyoona shambani kwako chai ikikimbia wakati wa mvua. Vuli inarudi kuwa nzuri, nafasi ya pili. Muuzaji muulize msimu. Akikwepa, umepata jibu.

Mambo ya kukagua kabla ya kutoa hela

1. *Harufu ya keki kavu.* Iwe safi: majani makavu, asali, matunda yaliyokauka, mti. Harufu ya stoo yenye uvundo, samaki, sabuni au moshi mkali ni ya kukataa.
2. *Uso wa keki.* Majani yaonekane mazima, yawe na mng'ao. Vumbi vumbi na vipande vingi ni dalili ya jani lililochoka.
3. *Ukungu.* Chukua tochi, angalia ukingoni na kwenye shimo la nyuma. Manyoya meupe, ya kijani, ya manjano au meusi maana yake keki ililowa. Achana nayo.
4. *Ugumu wa keki.* Iliyogandamizwa kwa mashine mpaka ikawa kama tofali inakomaa polepole sana. Ya jiwe, iliyolegea kiasi, inakomaa haraka zaidi na inavunjika vizuri.
5. *Ilikokaa.* Hili ni kubwa kwa keki yoyote yenye zaidi ya miaka mitatu. Kunming ni kukavu, chai inabadilika taratibu. Guangdong na Hong Kong kuna unyevu na joto, chai inaenda mbio. Keki ya mwaka mmoja kutoka kiwanda kimoja inaweza kuwa vitu viwili tofauti kwa sababu ya stoo tu.
6. *Muuzaji mwenyewe.* Anakubali kukuuzia kipande cha majaribio? Anataja mwaka, eneo, msimu na stoo bila kuzunguka? Mwenye bidhaa nzuri haogopi uionje.

Kuonja: hapa ndipo uamuzi unapofanyika

Usinunue keki nzima ambayo hujaionja. Agiza sampuli ya gramu 25, hata za aina tatu nne. Kisha fanya hivi:

Pima gramu 7 za chai kwa mililita 100 za maji. Mzani mdogo wa jikoni unatosha. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa. Mimina, mwaga maji ya kwanza mara moja, hayo ni ya kuosha na kuamsha jani. Mimina tena, subiri sekunde 10, mimina kwenye kikombe, onja. Rudia. Kuanzia mara ya tano ongeza sekunde kidogo kidogo.

Unachotafuta:

- Uchungu upo, sawa, ila uondoke haraka. Ni kama mboga ya mchunga: mchungu ukiuweka mdomoni, baadaye mate yanakuja matamu. Utamu huo wa kurudi kooni ndio dalili nzuri kuliko zote kwenye chai changa. Uchungu unaong'ang'ania ulimi bila kuondoka hautaponywa na miaka.
- Maji yawe mazito kidogo mdomoni, yasiwe kama maji ya bomba yaliyotiwa rangi.
- Chai iende mbali. Nzuri inatoa vikombe kumi na zaidi. Ikichoka kwenye cha tano, haina akiba ya kuishi miaka kumi.
- Maji yawe angavu. Ukungu wa kudumu kwenye maji ni dalili ya usindikaji au stoo mbovu.

Mwisho mwaga majani kwenye sahani nyeupe uyaangalie. Jani la mbichi changa liwe la kijani cha zeituni, laini, linalonyooka ukilivuta. Jani lililokaa vizuri linakuwa la kahawia lakini bado linanyumbulika. Jani jeusi, gumu, linalovunjika kama mkaa, limepitia lundo au stoo yenye maji. Mtu akikwambia hiyo ni mbichi ya miaka thelathini, mshukuru uondoke.

Tupige hesabu

Keki ya gramu 357, ukitumia gramu 7 kila mara, inatoa birika 51. Tuseme keki inauzwa shilingi 150,000. Gawa kwa 51, ni karibu shilingi 2,940 kwa birika, na birika hilo linamiminwa mara kumi. Kwa mnywaji sio bei ya kutisha. Kila unapotajiwa bei, igawe hivyo kwanza. Na angalia uzito: keki ya gramu 100 inayoonekana rahisi inaweza kuwa ghali kwa gramu kuliko ya 357. Ongeza usafiri na ushuru, na kabla ya kuagiza mzigo wa nje uliza forodha na wahusika wa afya ya mimea masharti ya kuingiza chai. Kipolo kikizuiliwa bandarini hesabu yote inavurugika.

Sasa lile swali la kutoka kimaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei za pu'er zilipanda kwa kasi. Watu ambao hawakuwahi kunywa chai ile walinunua makasha kwa makasha, kila mmoja akisubiri wa kumuuzia bei ya juu zaidi. Mwaka 2007 bei zikaporomoka. Waliobaki na mzigo, wafanyabiashara na wakulima, waliumia vibaya. Chai ilikuwa ile ile, kilichoisha ni wanunuzi.

Wewe uliyeko Njombe au Nandi una shida nyingine juu ya hiyo. Mnunuzi wa keki ya zamani anataka kujua ilikaa wapi, na anataka kumwamini aliyeitunza. Soko hilo liko China, Hong Kong, Taiwan na kwa wapenzi wachache wa Ulaya na Marekani. Huna jina kule. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nunua ya kunywa na ya kujifunzia, keki mbili tatu, kwa hela ambayo isipokuwepo shamba halitetereki. Hela ya mbolea ni ya mbolea. Chai yako ya shambani inakulipa kila mwezi, keki haikulipi mpaka umpate mtu.

Kuitunza nyumbani

Kwenye mahindi tunapigana na unyevu: tunakausha mpaka asilimia 13 hivi ndipo tunafunga. Keki ya pu'er inataka kitu cha katikati. Ikikauka sana inalala, haibadiliki. Ikilowa inaoza. Lenga unyevu wa hewa asilimia 60 mpaka 70 na joto la nyuzi 20 mpaka 30. Ukivuka 75 uko kwenye hatari ya ukungu. Nunua kipima unyevu kidogo, ni cha bei ya kawaida, kiweke ndani ya sanduku.

- Acha keki kwenye karatasi yake. Usiifunge kwa nailoni isiyopitisha hewa kama lengo ni kuikomaza.
- Iweke kwenye sanduku safi la karatasi ngumu au chungu kikavu kisicho na harufu. Mbao zinazonukia hazifai.
- Mbali na jiko, sabuni, viatu, dawa za mbu, marashi na udi. Chai inanyonya harufu kama sifongo. Na usithubutu kuiweka stoo moja na viuatilifu au mbolea, hilo sio suala la ladha tu, ni afya yako.
- Mbali na jua na ukuta unaopata maji. Inyanyue kutoka sakafuni, kama unavyofanya na magunia.
- Mbichi na iliyoivishwa zikae masanduku tofauti.

Mimi nina masanduku mawili kwenye kabati la chumba cha ndani, na kwenye kila keki nimeandika kwa penseli tarehe niliyoinunua na bei. Kila mwezi nafungua, nanusa, nasoma kipimo. Kila mwaka naonja gramu 7 na kuandika kwenye daftari. Bila daftari huwezi kujua kama chai imebadilika au ni ulimi wako tu.

Walioko Pwani, Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: joto mnalo, hofu yenu ni unyevu wa msimu wa mvua. Pandisheni sanduku juu, wekeni mahali penye hewa, na mkague kila wiki mvua zikikaza. Walioko nyanda za juu zenye baridi: chai yenu itaenda polepole, na kipindi cha kiangazi inaweza kukauka. Boksi la kuhifadhia baridi lisilo na harufu, pamoja na vifuko vya kudhibiti unyevu vya asilimia 62 au 65, linasaidia.

Tegemea mabadiliko madogo baada ya miaka mitatu mpaka mitano, makubwa baada ya kumi na kuendelea. Ukikuta ukungu wenye manyoya au uvundo, itoe keki hiyo mbali na zenzake na usiinywe.

Na sisi wachumaji tunaondoka na nini

Rudi kwenye orodha ya ukaguzi. Mnunuzi wa keki ya bei kubwa anauliza: jani zima au limepondeka? Limechumwa msimu gani? Limekaangwa vipi? Lilikaa wapi? Hayo ni maswali ya shambani na ya siku ile ile ya mchumo. Jani likishindiliwa kwenye gunia likapata joto njiani, hakuna kiwanda kitakachorudisha ubora wake, iwe Yunnan iwe Tukuyu. Vijana mnaofikiria chai maalumu, za kuviringwa kwa mkono au ile ya zambarau ya Kenya iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, anzeni kwa kumjua mnunuzi anayeonja hivi. Ukijifunza kuonja kama yeye, utajua kwa nini analipa na kwa nini anakataa.

Kazi ya wiki hii

Kwenye kikundi chenu, changeni hela ya sampuli mbili tu: moja mbichi changa na moja iliyoivishwa. Pikeni siku moja, kwa vipimo nilivyotoa. Ongezeni kikombe cha tatu cha chai yenu wenyewe. Kila mmoja aandike kwenye karatasi anachokiona kwenye harufu, uzito wa maji, uchungu na utamu wa kurudi, kabla hajasikia mwenzake amesema nini. Kisha mwageni majani yote matatu kwenye sahani nyeupe, muyalinganishe.

Aliyekwama kwenye hatua yoyote aniandikie, aseme ametumia gramu ngapi na maji kiasi gani, nimsaidie kutoka hapo. Kazi njema shambani.